Kazi nje ya nchi na tumbo lisilotaka ngano: anza na jiko

Kuna swali naulizwa kila mara. Mtu amepata kazi nje, miezi mitatu, sita, wengine mwaka mzima, ana siliaki, ugonjwa unaomkataza ngano, sasa anataka kujua aende au akatae. Jibu langu halijabadilika: nenda. Nenda kabisa, usiache nafasi ikupite kwa sababu ya mkate. Ila kabla hujasaini kitu chochote uliza utalala wapi na kama hapo mahali kuna jiko.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi wakianza kujiandaa wanakimbilia mtandaoni kutafuta mikate isiyo na gluteni ya huko waendako, duka gani, mgahawa gani, biskuti gani, wanajaza simu majina, halafu wanafika wanawekwa hoteli ambayo chumbani hamna kitu zaidi ya birika la chai, mgahawa ulioko kwenye orodha yao uko upande wa pili wa mji na kikao kinaanza saa mbili asubuhi. Likizo ya siku chache unaweza ukaishi kwa kubahatisha migahawa. Kazi ni kitu kingine, unarudi saa moja usiku umechoka, kesho tena, keshokutwa tena, na njaa itakulisha kitu ambacho ukiwa umeshiba ungekikataa bila hata kufikiria. Ndo maana mimi naanza na jiko, mikate baadaye.

Niweke wazi kwanza naongelea nini maana haya mambo yanachanganywa sana. Siliaki sio aleji, na sio mtu kuchagua chagua chakula. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili ikikutana na gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ndugu ya ngano), inageuka na kuushambulia utumbo mwembamba wa mwenye mwili, vile vinyweleo vidogo vya ndani vinavyofyonza chakula vinachakaa vinalala, na mtu anaweza akawa anakula vizuri tu huku mwili haupati kitu. Inakadiriwa mtu 1 hivi kati ya 100 duniani anao na wengi hawajijui. Wengine wanaharisha, wengine tumbo linajaa, wengine tumbo kimya kabisa ila kila wakipima damu ni pungufu na mifupa inadhoofika. Kuna pia ambao hawana siliaki ila ngano inawasumbua, na kuna wenye aleji ya ngano hasa, hao wanaweza wakabanwa pumzi ndani ya dakika chache. Wote hawa wanatafuta chakula kinachofanana lakini hatari zao hazilingani. Na kama wewe bado unahisi tu, hujapima, kapime KABLA ya kusafiri na kabla ya kuacha ngano, kwa sababu kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo ukiacha gluteni zinashuka, majibu yanatoka safi wakati ugonjwa upo.

Kinachowashinda wengi kuelewa ni kiasi. Kipande kimoja cha mkate kina kama gramu 2 za gluteni au zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walichapisha utafiti ambao watu wenye siliaki walipewa miligramu 50 tu za gluteni kwa siku kwa miezi 3, na hiyo ikatosha kuuharibu utumbo. Piga hesabu, ni kama ukate kipande kimoja cha mkate mara 40 halafu ule kimojawapo kila siku. Chenga za namna hiyo zinabaki kwenye ubao wa kukatia mkate, zinabaki kwenye mafuta yaliyokaangiwa kuku wa kupakwa unga. Kwa hiyo mtu akikwambia toa tu mkate weka pembeni ule kilichobaki, hana nia mbaya, hajui tu, na ni kazi yako kumweleza bila kukasirika.

Hapa huwa namkumbuka daktari mmoja wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameshaanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930, halafu ikaja ile njaa kubwa ya majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, vita imewabana, mkate umeadimika. Wakati watu wanateseka kwa njaa, watoto wake wa siliaki ndo wakawa na nafuu, na mkate uliporudi ugonjwa nao ukarudi. Tasnifu yake aliiwasilisha chuo kikuu cha Utrecht mwaka 1950. Mpaka leo tiba ni ile ile, kutokula. Vile vidonge vya enzaimu vinavyouzwa eti umeze kabla ya kula ngano, hakuna hata kimoja kilichothibitishwa kumlinda mtu mwenye siliaki, usisafiri ukivitegemea.

Sasa jiko. Mwambie mwajiri mapema na kwa maandishi, kwamba una ugonjwa unaokulazimu ujipikie, unaomba apatimenti yenye jiko badala ya hoteli. Ambatanisha barua ya daktari. Usiombe kama fadhila na usisubiri mpaka tiketi imeshakatwa, maana HR wakishalipia hoteli kubadilisha inakuwa shughuli ya wiki. Kama lazima hoteli, omba angalau chumba chenye friji ndogo na sehemu ya kupashia, na ubebe kifaa kidogo cha kupikia wali cha umeme (angalia volti na plagi za huko, vingine vinaungua siku ya kwanza). Kile kifaa kinapika wali, viazi, mayai, dengu, samaki kwa mvuke, yaani mtu anaishi nacho hata mwezi.

Ukipewa apatimenti usianze kupika kabla hujaikagua, kwa sababu jiko la kupanga limeshapikiwa na watu wengi. Chukua kile chujio cha tambi kilichoning'inizwa ukutani, kiinue kwenye mwanga, mara nyingi utaona kwenye vitundu kuna utando mweupe umekauka. Huo ni wanga wa tambi za ngano, na hautoki kwa kusuuza. Chujio weka kabatini, nunua lako. Ubao wa mbao, mwiko wa mbao, sponji, hivyo pia nunua vipya, bei yake ni ndogo kuliko siku moja ya kuumwa. Sufuria za chuma, sahani, glasi, visu, hivyo osha vizuri kwa sabuni na sponji yako mpya vinafaa kabisa. Kikaango cha kutogandisha kikishachubuka chubuka sikitumii. Tosta usiiguse kabisa, hata ukiigeuza chini juu ukaikung'uta chenga haziishi. Trei za ovena tandika foili.

Kama mnashea jiko na wafanyakazi wengine, chukua rafu ya juu kwenye friji na kabatini, kwa sababu chenga zinaanguka kwenda chini hazipandi, na siagi yako na jamu yako viandike jina. Kisu kilichopita kwenye mkate kikaingia kwenye siagi, siagi hiyo kwako imekwisha. Waeleze wenzako siku ya kwanza, wengi wakielewa wanakuwa walinzi wazuri kuliko wewe mwenyewe.

Kula nini sasa? Hapa ndo nina msimamo ambao wengine hawaupendi. Miezi ya mwanzo usihangaike na vitu vilivyotengenezwa kuiga ngano, yaani mikate, keki, piza na tambi za bila gluteni. Tafuta chakula ambacho hakikuwahi kuwa na gluteni. Mchele, mahindi, viazi, mihogo, mtama, uwele, ulezi, maharage, mayai, samaki, nyama isiyotiwa kitu, mboga, matunda, maziwa, karanga. Hivi vinapatikana karibu kila mji duniani, hahitaji mtu duka maalum, na vinashibisha kuliko ule mkate wa wanga mtupu unaomeguka kabla haujafika mdomoni. Mikate maalum kaa nayo kwa siku ya hamu au ya safari.

Ila hata hivyo vina mambo yake. Dengu na mbaazi kavu huwa zinalimwa, zinavunwa na kusafirishwa kwa vifaa vile vile vinavyopita ngano, kwa hiyo zimwage kwenye sahani nyeupe, chambua kidogo kidogo, utakutana na punje ndefu yenye mfereji katikati, hiyo ni ngano au shayiri. Itoe, suuza mara mbili tatu, pika. Ni uchambuzi ule ule wa kutoa mawe kwenye mchele, mikono inaujua. Unga wowote wa kupimiwa kutoka kwenye gunia au pipa la wazi uache, kopo la kuchotea halichagui pipa.

Halafu lebo. Hapa ndo pa kusoma kabla hujapanda ndege, maana kila nchi ina sheria yake na ukibeba mazoea ya nchi moja ukaenda nayo nyingine unaumia. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, kinachoitwa Codex na kinachofuatwa na nchi nyingi, ni kwamba kitu kilichoandikwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo. Umoja wa Ulaya wanatumia hiyo kwa kanuni namba 828 ya 2014, Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilitoa kanuni yake 2013, India nao wako hapo hapo. Australia na New Zealand wamekaza zaidi, gluteni isionekane kabisa kwenye kipimo, na oti, ile nafaka ya uji wa asubuhi, haziruhusiwi kuandikwa hazina gluteni hata ziwe safi namna gani. Argentina kikomo ni miligramu 10 na alama ya kutafuta ni Sin TACC, kifupi cha Kihispania cha bila ngano, oti, shayiri na rai. Brazil ndo nawapenda sana, tangu sheria yao ya 2003 kila chakula cha kiwandani lazima kiseme kina gluteni au hakina, kimoja kati ya viwili, hakuna kukaa kimya. Natamani nchi zote zingekuwa hivyo, mtu angemaliza kununua vitu vyake kwa dakika kumi.

Kwa kitu ambacho hakijaandikwa chochote kuhusu gluteni unarudi kwenye orodha ya viambato. Ulaya wana orodha ya vitu 14 vinavyoleta aleji ambavyo lazima vitajwe na vikolezwe kwenye maandishi, na nafaka zenye gluteni ndo za kwanza, kwa hiyo macho yanatafuta wino mzito tu. Hata mgahawa na chakula kisichofungashwa wanatakiwa waweze kukupa hiyo taarifa. Marekani sio hivyo, sheria yao ya 2004 inalazimisha ngano itajwe, lakini shayiri na rai hapana, kwa hiyo kimea cha shayiri kinaweza kujificha ndani ya neno la jumla kama ladha. Japani pia ngano ni lazima itajwe na shayiri haimo kwenye orodha ya lazima, na huko chai ya shayiri inanyweka kama maji, unaletewa mezani hata hujaagiza. Ukienda nchi yenye maandishi usiyoyasoma, piga picha ya neno ngano, shayiri na rai kwa maandishi yao, kaa nayo kwenye simu, ulinganishe sura. Programu ya kutafsiri kwa kamera inasaidia ila kwenye maandishi madogo ya pakiti inayong'aa inakosea, usiiamini peke yake.

Na yale maneno ya huenda ikawa na chembe za ngano, sehemu nyingi ni hiari ya kiwanda. Yakiwepo nayaheshimu, naacha kile kitu. Yasipokuwepo hayanihakikishii chochote. Jambo lingine linalowashtua watu Ulaya ni pakiti yenye alama ya suke lililopigwa mstari, ile ya kusema hakina gluteni, halafu ndani kwenye viambato imeandikwa wanga wa ngano. Sio uongo, huo wanga umeoshwa mpaka gluteni imeshuka chini ya kile kikomo, mwenye siliaki anaruhusiwa, ila mwenye aleji ya ngano hiyo pakiti asiiguse.

Sasa vitu vinavyojificha, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo vinavyolaza watu kitandani. Namba moja ni sosi ya soya. Jina linasema soya, lakini sosi nyingi za kawaida zinachachushwa kwa soya na ngano pamoja, na imo kwenye kila kitu sehemu kubwa ya Asia mashariki, kwenye nyama iliyolowekwa, kwenye mchuzi, kwenye wali wa kukaanga, hata kwenye supu ya tambi za mchele ambazo zenyewe ni salama kabisa. Kuna aina ya Kijapani iitwayo tamari ambayo mara nyingi haina ngano au ina kidogo, lakini nayo soma lebo. Sosi ya samaki ya Vietnam na Thailand kwa kawaida ni samaki na chumvi, sosi ya chaza ni ya kuulizia kila mara. India, kusini hasa, unaweza ukafurahi kweli, dosa na idli ni mchele na choroko nyeusi, ila mvuje unaotiwa kwenye dengu na michuzi mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano ili usagike, na dosa ikiitwa rava hiyo ni semolina, ni ngano. Injera ya Ethiopia ni tefu, nafaka nzuri isiyo na gluteni, lakini kuna wanaochanganya ngano au shayiri kupunguza gharama, zaidi sana nje ya Ethiopia, kwa hiyo uliza kama ni tefu tupu. Meksiko tafuta chapati zao za mahindi, kaskazini wanapenda za ngano. Tambi za soba Japani zinatokana na mmea usio na gluteni ila nyingi zimetiwa ngano ili zishikane.

Kuskusi ni ngano. Bulguri ni ngano. Speliti ni ngano. Seitani ni gluteni yenyewe imekandwa ikawa kama nyama, na utaikuta kwenye migahawa isiyouza nyama, mahali ambapo mtu anadhani ndo salama zaidi. Oti zenyewe hazina gluteni ile ila zimechanganyika na ngano tangu shambani, ukitaka oti zinunue zilizoandikwa kabisa hazina gluteni, na watu wachache wenye siliaki hata hizo safi zinawasumbua, kwa hiyo ugenini sio mahali pa kuzijaribu mara ya kwanza.

Migahawani utaenda tu, kwa sababu kazi ina chakula cha mchana cha pamoja, cha jioni na wateja, cha kuagana na bosi. Mimi nimegundua swali la je chakula hiki kina gluteni halifai, weita anaenda jikoni anarudi anasema hakina, maana ameangalia kama kuna mkate. Uliza kinapikwaje. Mafuta ya kukaangia viazi ndo yale ya kukaangia samaki wa unga? Mchuzi umekolezwa na nini uwe mzito? Maji ya kuchemshia hii pasta isiyo na ngano ni mapya? Nyama inachomwa juu ya chuma kile kile mnachopashia mikate? Maswali ya namna hiyo yanamfanya mpishi aone jiko lake mwenyewe akilini, na hapo ndo unapata jibu la kweli.

Kuna siku mhudumu alinihakikishia kuku wao wa kuchoma hana ngano kabisa, nikaomba kwa heshima kama naweza kuongea na mpishi. Akatoka mzee mmoja, aproni imejaa madoa, kanisikiliza mpaka mwisho kichwa kimeinama, hakunijibu, akarudi ndani akaja na ile chupa ya lita tano ya sosi anayolowekea nyama. Tukaigeuza pamoja pale mezani, kidole chake kikatembea kwenye lebo, maji, soya, ngano, chumvi. Kidole kikasimama pale kwenye ngano. Akaniangalia, akasema kitu kwa lugha yake, akaichukua chupa akaondoka. Baada ya muda akaleta samaki mzima amechomwa kwa chumvi na ndimu ndani ya foili, wali mweupe, na matango aliyokata mwenyewe kwa kisu alichokiosha mbele yangu. Nilikula kwake muda wote wa ile kazi. Kwa hiyo namwamini sana mpishi anayekuletea chupa kuliko menyu yenye alama nzuri nzuri.

Andika kadi. Nusu ukurasa, kwa lugha ya pale, umwombe mtu anayeizungumza tangu utotoni aipitie, isiwe tafsiri ya mashine peke yake. Iseme una ugonjwa, itaje ngano, shayiri na rai kwa majina, itaje vyakula vya pale pale vinavyobeba hivyo (sosi ya soya kama uko huko inakotumika), itaje mafuta, sufuria, ubao na kisu, imalizie kwa kusema unachoweza kula. Hiyo sehemu ya mwisho wengi wanaisahau na ndo inayomsaidia mpishi, akishaona wali, viazi, mayai, samaki, anatulia, anaona hujaja kumpa mtihani.

Bafe ya asubuhi hotelini niiseme kwa sababu ndo inayotega wafanyakazi wengi. Koleo la kuchukulia mkate linahamia kwenye jibini, kijiko cha nafaka za ngano kinaingia kwenye bakuli la mtindi. Mayai ya kuvuruga sehemu nyingine yanatiwa unga kidogo wa chapati za maji ili yawe mengi na laini. Fika mapema bafe ikifunguliwa, kabla ya watu, chukua mayai ya kuchemsha na maganda yake, ndizi, machungwa, mtindi wa kopo lililofungwa. Au muombe mpishi wa mayai akukaangie kwenye kikaango safi na mayai unayoyaona yanapasuliwa.

Italia naomba niitaje kwa sababu watu wanaiogopa, nchi ya pasta na piza, kumbe ni moja ya sehemu rahisi sana kwa mtu wa siliaki. Wana sheria ya mwaka 2005 inayoutambua huu ugonjwa, mgonjwa aliyesajiliwa kwenye mfumo wao wa afya anapewa posho ya kila mwezi ya kununulia vyakula maalum, maduka ya dawa yanauza tambi na unga, na chama cha wagonjwa, AIC, kina orodha ya migahawa ambayo wapishi wake wamefundishwa. Ukifanya kazi nchi yoyote tafuta kwanza chama cha siliaki cha pale, nchi nyingi kipo, kwa taarifa za chakula wanazidi tovuti za watalii kwa mbali.

Ofisini sema wazi wiki ya kwanza. Sio lazima ueleze habari za utumbo, inatosha kusema nina ugonjwa unaonizuia ngano hata chembe, kwa hiyo nitakuja na chakula changu, msione nawabagua. Sehemu nyingine kukataa chakula cha mwenyeji ni jambo zito, na hapo mimi napenda kumpigia simu mwenyeji siku mbili kabla, sio kumsubiri aweke sahani mbele yangu. Jitolee wewe kuchagua mgahawa. Ukishindwa kabisa kula shiba, nenda umekula nyumbani, agiza kinywaji na matunda, kaa, ongea na watu, maana mara nyingi kilichokupeleka pale ni mazungumzo. Bia ya kawaida ni kimea cha shayiri, divai ni salama.

Ndege: mlo wa bila gluteni una herufi zake za kuagizia, GFML, unaombwa angalau saa 24 kabla na mashirika mengine wanataka 48 au zaidi, na ukibadilishiwa ndege ombi linaweza kupotea. Hata ukija, angalia trei, wahudumu wakigawa mikate wanaweza wakakuwekea ile ile ya wote kwa kukusudia wema. Beba chakula cha safari nzima pamoja na ucheleweshaji. Karanga, wali wa kukaushwa wa kutia maji moto, matunda makavu, mikate yako ile ya hamu. Nyama na maziwa angalia, mipaka mingi wanavikamata. Beba na dawa zako za kutosha kwa sababu vidonge vya huko vinaweza kuwa na wanga tofauti ndani, muulize mfamasia kabla ya kumeza.

Na ikitokea umekula, maana ukikaa muda mrefu inaweza kutokea hata uwe makini vipi, usijilaumu na usianze kufunga kula. Kunywa maji na chumvi za kurudisha maji mwilini kama unaharisha, pumzika, rudi kwenye wali mweupe, viazi na mayai siku mbili tatu mpaka tumbo litulie. Ukitapika bila kukoma, ukiishiwa nguvu au ukiona damu nenda hospitali, na ile barua ya daktari iwe kwenye simu kwa lugha ya pale. Andika ulichokula ndani ya siku nzima iliyopita ukiwa bado unakumbuka, kila kitu, hata dawa ya kikohozi. Mara nyingi kitu kimoja kinajitokeza chenyewe, kopo jipya la viungo, mafuta ya mgahawa, siagi ya pamoja. Kama ni mgahawa rudi ukawaambie kwa upole, kama ni jiko mnaloshea kaeni wote dakika tano mpange upya nani anaweka kisu wapi.